Mama Magogo na Ukoo wa Ndani ya Gogo

Saa moja asubuhi, Mama Magogo amepiga magoti mbele ya rundo la magogo yaliyooza, nyuma ya bustani ya hospitali. Mfukoni ana kiberiti alichopewa na msimamizi. Ameagizwa rundo liwe majivu kabla ya saa nne, wakaguzi wa usafi hawajafika.

Hachomi. Anabandua gome na kumwonyesha mwandishi wa makala haya funza mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele.

"Huyu mtoto. Wazazi wako kule kwenye maua, wanakula chavua. Nikichoma hapa, nimemaliza ukoo."

Wazazi wenyewe ni mbawakawa weusi wenye mkia uliochongoka. Ukiwagusa hujibwaga chini na kubingirika, na mtunza bustani huyu bado huwacheka.

Ana miaka kumi na tisa kazini. Tisa ya kwanza alipiga dawa bila kuuliza. Halafu siku moja alikosea kipimo, akatia vifuniko sita badala ya kimoja. Kesho yake alifagia ndoo nzima ya nyuki na mbawakawa waliokufa, mikono yake imebabuka kwa dawa.

"Nililia kama nimefiwa. Tangu hapo, mimi na pampu basi."

Kwenye fomu ya kila wiki, penye "Wadudu waharibifu", huandika "Hakuna". Msimamizi humrudishia arekebishe. Naye huirudisha vilevile.

Imebaki miezi minne astaafu. Jana binti yake alimsihi kwa simu: "Mama, si uchome tu utoke salama?"

"Nikamwambia, mwanangu, salama gani na ile ndoo bado naiota?"

Saa tatu na nusu msimamizi anakuja mbiombio, tai imepinda.

"Mama, moto uko wapi?"

"Uko mfukoni, baba. Na utabaki humo."

"Nitakuandikia barua ya kukufukuza!"

"Andika. Ila usisahau sababu: amekataa kuua. Nitaitundika sebuleni."

Msimamizi anainyoosha tai yake na kuondoka.

Mama Magogo anamwaga njiti zote kwenye ndoo ya maji. Ndani ya kiberiti kitupu anamtia mbawakawa mmoja, wa kuwaonyesha wakaguzi. Anataka wakubali rundo lizungushiwe uzio na liwekewe kibao kabla hajastaafu. Maneno ya kibao ameshayachagua, yale ya kumjibu anayebisha mlango wa choo, ili yeyote ayaelewe.

Viatu vya wageni vinasikika kwenye kokoto. Anachukua fomu ya wiki hii, anaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, anaichomeka kwenye gogo na kuketi kando yake.

KUNA WATU.