Kikapu Kilichobaki Kwenye Benchi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gesti moja ya Kayanga karibu na stendi, Meneja alinipeleka kwenye chumba ambacho mgeni alikuwa ametoka asubuhi hiyo, akanisimamisha mlangoni.

"Koku, usiguse kitu. Nusa kwanza."

Nikanusa, nikasema nasikia sigara na soksi.

"Basi fungua dirisha, ndiyo uanze kazi."

Mimi ni mtu wa kuuliza, nikamwuliza kwa nini tusianze na shuka kama watu wote. Akasema nitajua mbele ya safari, akaenda zake.

Nyie vijana mnaopangisha nyumba kwa simu mnadhani kazi hii ni kufagia tu. Nilifundishwa kukunja kona, yaani kuingiza ncha ya shuka chini ya godoro hadi mgeni ajigeuze atakavyo isichomoke. Nilifundishwa kwamba dawa ya klorini hupaswi kuipaka na kuifuta hapo hapo. Unaiacha ikae kidogo, na wala huichanganyi na dawa nyingine ya chooni, maana mvuke wake unachoma kifua. Kutoka Kayanga nilihamia hosteli ya kanisa kule Kituntu, chini ya Sista Mkuu aliyepitisha kidole juu ya fremu za milango kutafuta vumbi, na alilipata. Mwisho nikawa msimamizi wa nyumba ya mapumziko Nyakasimbi, ambayo watu waliipanga nzima wakija likizo.

Korona ilipoingia tulisugua kila kitu: vitasa, swichi, rimoti ya televisheni, hata miguu ya viti. Madirisha tukayafunga kwa sababu ya ukungu na baridi ya asubuhi. Bwana Afya wa kata alipokuja kukagua, akacheka.

"Mama Koku, nyumba mmeiosha vizuri, halafu mmeifunga kama debe."

Nikamwuliza, huo ugonjwa unakaa kwenye kitasa au kwenye hewa?

"Kitasani kidogo, hewani zaidi. Fikiria moshi wa kuni. Ukifunga jiko, wote mnakohoa."

Nikamkumbuka Meneja wangu. Tangu siku hiyo mgeni akitoka nilifungua nyumba yote, nikaiacha ipigwe upepo kabla sijaingia na ndoo.

Ndipo alipokuja Deo, karibu na Krismasi, kutoka Mwanza. Mama yake, Ma Paskazia, anaishi ng'ambo ya bonde, na kifua chake ni kibovu miaka yote. Deo alisafiri na mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anakohoa. Akanipigia simu kwamba atapanga nyumba yetu, akae peke yake hadi ajue yu mzima, ndipo aende kwa mama.

Nyakasimbi hakuna siri. Asubuhi yake Ma Paskazia alishuka kwenye bodaboda akiwa na kikapu chake cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani.

"Nasikia mwanangu amepanga nyumba. Kwani mimi nimekufa?"

"Shikamoo, Ma Paskazia. Hujafa, ndiyo maana amepanga."

Nikasimama katikati ya geti. Niliogopa, sifichi. Kwetu mwenye kahawa huchukua ya kwanza, akatafuna mbele yako uone haina ubaya, kisha anakupa kikapu, vidole vyote mle mle. Ukikataa, umemwambia unamshuku. Na huyu ni mama.

Deo alikuwa barazani, barakoa usoni, machozi yanamlenga. "Mama, usinikaribie. Nakuomba."

Nikamwambia Ma Paskazia achukue yake kwanza, kisha akiweke kikapu kwenye benchi la uani, arudi getini. Akafanya hivyo. Deo akaja, akachukua, akatafuna huku wanatazamana.

"Sasa kikapu changu," akasema mama.

"Hicho hakirudi leo," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwizi. Akapanda pikipiki bila kuniaga.

Haikupita siku nyingi Deo akashikwa na homa, akakosa pumzi, Bwana Afya akampeleka hospitali. Alipona, lakini polepole. Mama yake hakuugua. Hata hivyo, kanisani Ma Paskazia alihama benchi nikikaa karibu naye, hata baada ya Deo kumrudishia kikapu. Iliniuma sana. Nilijiuliza mara nyingi kama kulikuwa na namna nyingine ya kuzuia ugonjwa bila kumzuia mtu, na mpaka leo bado nauliza.

Nilistaafu mwaka huu. Siku niliyokabidhi funguo nilifungua madirisha yote mara ya mwisho, nikakaa kwenye lile benchi. Ma Paskazia akaingia getini na kikapu kile kile. Akachukua kahawa, akatafuna taratibu, akanisogezea.

Nikanyoosha mkono. Akakivuta kikapu nyuma.

"Kanawe kwanza," akasema. "Nitakungoja."