Risiti za Mama wa Nyumba Nambari Nne

Kazi yangu pale ploti ilikuwa makaratasi. Nyumba zetu zilikuwa za kodi ya chini, zile ambazo mwenye nyumba hapandishi kodi hivi hivi tu. Lazima aende kwa baraza la kodi aonyeshe ametumia nini kuzirekebisha. Basi mimi ndiye nilikuwa naweka risiti: mabati, simenti, fundi wa maji.

Wapangaji nao walikuwa na mtindo wao. Kitu kikiharibika, ukingoja mwenye nyumba utazeeka. Unanunua mwenyewe, unaleta risiti ofisini, unakatiwa kwa kodi ya mwezi unaofuata. Mama wa nyumba nambari nne, mjane aliyeuza maziwa, alinunua rangi na sinki. Alinipa risiti mkononi. "Niwekee vizuri, binti yangu, wasinisahau."

Mwenye nyumba akasema hakuna cha kukatia mtu, nichanganye hizo na zingine zake za kupeleka barazani. Nikachanganya. Kwani ni kazi? Ni stepla tu.

Siku ya baraza mama alisimama, leso begani. "Hiyo rangi ni mimi nilinunua! Nilipaka na hii mikono yangu. Sasa naongezewa kodi kwa sababu ya rangi yangu? Woi! Muulizeni huyu msichana, ni yeye nilimpa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Hizi risiti ni za nani?"

Hazikuwa na jina. Risiti za duka la hadweya, pale pa rangi na simenti, huwa hivyo. Mwenye nyumba alikuwa anaangalia simu yake, hata hakunitazama. Ningesema ukweli ningefutwa kazi, na nilikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini wacha nisijitetee hapa. Nilisema, "Ni za ofisi."

Nikangoja aibu ije. Haikuja. Nilisikia njaa tu.

Kodi ikapanda. Mama alijikaza miezi miwili, halafu akapakia vyombo kwa pikapu, akarudi kwao kijijini Ziwa. Alipita ofisini kunipa funguo. "Haya, ubaki salama, binti yangu." Afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata nilimwonyesha mpangaji mpya hiyo nyumba. Akapitisha kidole ukutani, akaangalia sinki.

"Kazi safi. Nani alipaka?"

"Ni sisi," nikasema, nikampa kalamu aweke sahihi.