Nyota za Kiazi

Sijisifu bure, mikono yangu inajua kazi. Nilimshonea mdoli wa binti yangu gauni, nikachonga kiazi kiwe nyota, nikakichovya kwenye rangi ya kijani na kupiga chapa gauni lote. Chini yake nilitandika kitambaa cheupe nilichokikuta kimekunjwa kwenye kiti, kisha nikakirudisha hapo bila kukikunjua wala kukitazama.

Jumapili nikampeleka mdoli kanisani, hapa Manika, bamama wenzangu wamwone.

"We uko fundi, mama," wakaniambia. Nikavimba kichwa.

Wakati wa matoleo, mama mkwe akatupita akicheza. Kumbe kile kitambaa kilikuwa blauzi yake, na rangi ilipenya gauni: mgongo mzima nyota za kijani, tena zimepangika vizuri.

Jirani yangu akamtazama mdoli, akautazama mgongo.

"Fundi ni mumoja," akasema kwa sauti.