Wameongeza Polisi, Mume Wangu Kahamishwa

Jamani, leo nimeshangilia habari ya polisi kuongezwa, halafu nikaishia kulia jikoni.

Mchana redio ilisema serikali inaongeza askari mikoani. Mimi ni mke wa askari hapa Buswelu. Kituoni kwao ni wachache mno, hata Krismasi mume wangu aliila kazini.

Nikampigia simu mbiombio.

"Baba Neema, umesikia? Sasa utapata likizo!"

Akashusha sauti.

"Mama Neema, hao wapya wanaletwa huku. Sisi wa zamani tunapelekwa kwingine. Mimi nimepangiwa Katavi."

Nilikaa chini kwenye ndoo.

Nyumba yetu ndiyo kwanza tumeipaua. Neema yuko darasa la saba, na ameshabadilisha shule mara mbili kwa sababu ya uhamisho.

Nikiwa bado nafuta machozi, jirani akaingia na furaha yake.

"Shemeji, hongera! Sasa tutalala kwa amani!"

Nikasema asante.

Jioni Baba Neema aliporudi nilimwambia safari hii aende peke yake, mimi nabaki na mtoto mpaka amalize mtihani. Nilijua atabisha.

Hakubisha. Alisema tu, "Nilikuwa naogopa kukuomba hivyo," akasinzia kwenye kochi na buti zake miguuni.

Nimemfungua kamba taratibu, asiamke.

Wake wa askari mlioko humu, huwa mnazoea?