Dawa ya Karatasi

Filamu ya kasi haitaki dawa kali. Hilo nilifundishwa kwa kukaripiwa na Mhindi aliyeniajiri kwenye studio yake ndogo ya picha pale Katwe, katikati ya kelele za wafua vyuma. Filamu ya kasi hunasa sura hata ndani ya nyumba yenye dirisha moja, alisema, lakini chembe zake ni nene. Ukiisafisha kwa dawa ya upole, chembe zinatulia na uso unabaki uso. Ukiisafisha kwa dawa ya karatasi, ile kali tuliyotumia kutolea picha zenyewe, weupe unaungua na weusi unaziba. Aliyarudia hayo kila wiki mpaka nikamchoka. Kisha Wahindi wakaambiwa waondoke nchini, naye akaondoka na masanduku mawili, akaniachia funguo na rafu ya dawa. Nilimkasirikia kwa kuondoka, kana kwamba alikuwa na hiari.

Mwaka uliofuata rafu ilikuwa karibu tupu. Dawa ya karatasi tuliipata kwa magendo kutoka Kenya, lakini ile ya upole hakuna aliyeileta. Ilibaki pakiti moja tu, na niliificha nyuma ya mashine ya kukuzia picha. Pakiti ile ingesafisha filamu moja vizuri, na ya pili na ya tatu kwa kuongeza dakika, basi.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka nyumba za reli za Nsambya. Mume wake alikuwa karani. Watu wa serikali walimchukua kazini, mchana kweupe, na wenzake wote wakasema hawakuona kitu. Waliokuja kupekua nyumba walibeba picha zote, hata ya arusi. Kamera ilisalimika kwa sababu jirani alikuwa ameiazima, na ndani yake mlikuwa na filamu ya kasi yenye picha moja ya mume wake, aliyompiga yeye mwenyewe, ameketi mezani anakula. Askari mmoja wa kwao, mtu wa kaskazini, alikubali kuizungusha kimya kimya mahali wanapofungiwa watu, lakini alitaka uso. Jina halisaidii, alimwambia, mle ndani watu hawana majina. Yule mama akanionyesha kwa kidole chini ya jicho lake la kushoto: hapa ana kovu, anayemwona hamsahau. Nilimwambia aje Ijumaa. Haki ya Mungu, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba pakiti ile ni yake.

Jumatano akaingia afande. Alisema ana filamu moja ya sherehe, kisha akatoa tatu mfukoni, zote za kasi, akazipanga mezani. Aliniuliza kama mimi si binti wa yule polisi mstaafu wa pale kilimani, nikasema ndimi. Akasema anajua nyumba yetu.

"Kesho nachukua. Iwe safi, sitaki maneno."

"Ndiyo, afande," nikasema, na mdomo wangu ukatabasamu wenyewe.

Ningeweza kumwambia dawa imekwisha. Ningeweza kusafisha zake kwa dawa ya karatasi. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi, na jibu ni lile lile: niliogopa. Nikafungua pakiti. Filamu ya tatu ilipotoka, dawa ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na haikufaa tena. Picha zilikuwa safi ajabu. Wanaume wanene wanakula nyama, na unaweza kuhesabu meno yao. Banange, jamani, nilizichukia picha zile.

Ijumaa asubuhi, kabla yule mama hajafika, nikaichukua filamu yake. Niliipunguza makali dawa ya karatasi kwa maji mengi ya mtungini, yaliyokuwa baridi, maana joto huzidisha ubaya. Nilikata ncha ya filamu nikaijaribu kwanza. Niliutikisa mkebe wa dawa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Nilifanya yote niliyofundishwa isipokuwa lile moja la maana.

Picha ilitoka kama imenyunyiziwa unga wa posho. Paji la uso jeupe, macho mashimo mawili meusi, mdomo mstari. Mwanamume mezani, basi. Yule mama aliishika muda mrefu, kisha akauliza kovu liko wapi. Nikamwambia kivuli kimelifunika. Sikumwambia habari za afande. Akaikunja ndani ya leso, akaenda zake, nami nikakaa chini ya meza ya kazi nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Baada ya wiki tatu alirudi akiwa na mwanamke mwingine, Mkongomani wa kuuza vitenge. Walikutana nje ya geti la kambi moja ya kufungia watu, ambapo wanawake walisubiri na vyakula ambavyo havikupokelewa. Yule mama aliweka picha mezani kwangu. Alisema askari wa kwao aliizungusha mahali pote alipoweza, na kila mahali walimtambua. Mahali pamoja walisema amehamishwa. Mahali pengine walisema yuko hai, ni mgonjwa. Mahali pengine walisema walimzika mwezi uliopita. Wote waliapa kwamba ni huyo huyo. Askari amechoka, amerudisha picha, hataki tena kuulizwa.

Nikauliza huyu mwenzake anataka nini.

"Naye mume wake amepotea. Ameiona hii mkononi mwangu, anasema ni wake," akajibu. Hakuwa na ugomvi wowote kwenye sauti. "Mimi ndiye niliyempiga picha, dada, najua ni nani. Lakini haina kazi tena. Mchapie na yeye."

Filamu yake ilikuwa bado kwangu. Ukweli wa zile filamu tatu nao nilikuwa nao. Nikaingia chumba cha giza nikachapa nyingine. Kwa karatasi dawa ile ilikuwa sawa kabisa, ilifanya kazi yake haraka na vizuri.

Mkongomani hakungoja ikauke. Aliishika kwa ncha za vidole, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Njo yeye," alisema kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndiye. "Njo yeye kabisa."

Kisha akapiga goti mbele yangu, akanishukuru kwa mikono miwili.