Mitungi Saba ya Mwalimu Rono

Enzi zetu kule Dundori, raba ya kufutia ilikuwa mali. Ukiwa na mpya, ile ya kunukia, darasa zima linakujua. Basi fikiria mshtuko wetu Mwalimu Rono alipotuita watano tuliokuwa tukiongoza darasa la sita, akakusanya raba zetu zote kwenye mkebe, akaufungia kabatini. Kuanzia leo, akasema, hakuna kufuta.

Kazi ilikuwa kuwatengenezea watoto wa nasari, wale wa chekechea, mtungi wa kunawia mikono, unaomwaga maji ukikanyaga kijiti. Muhula huo kuhara kuliwashika vibaya, na dadangu Wanja, mdogo kuliko wote pale nasari, alikuwa ameugua mara mbili. Mtungi ulitakiwa umfae yeye kabla shule hazijafungwa.

Mimi nilikuwa namba wani tangu darasa la kwanza. Baba alilitangaza hata pale tulipokuwa tukipeleka maziwa. Nikachora mara moja tu, nikatoboa mtungi wa plastiki wa lita tano, nikaufunga kamba na kijiti, nikamwita Wanja. Akakanyaga. Wapi! Mtungi haukutikisika, Wanja alikuwa mwepesi mno. Wa pili ulipinduka wote ukamlowesha sweta, na baridi ya Dundori ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Nililia kwa aibu, nikataka niupige teke niutupe.

Mwalimu hakunichapa wala hakunicheka. Aliitundika yote miwili kwenye ua, akaiandika namba, kisha akaniuliza, "Wanja amekufunza nini?"

Wanja wa nasari, anifunze mimi? Lakini nikaanza kumtazama. Nikaona anapanda kijiti kwa miguu yote miwili, tena kwenye ncha kabisa. Tukarefusha kijiti. Tukapunguza tundu. Ua ukazidi kujaa mitungi. Wa saba, Wanja alikanyaga kwa mguu mmoja, na maji yakatoka membamba, polepole, yakamjaa viganjani. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Siku ya kufunga shule tulirudishiwa raba zetu. Yangu hata sikumbuki niliipeleka wapi.

Siku hizi mtoto anapewa kazi ya mikono shuleni, anayeifanya ni mzazi. Juzi mwanangu Brian, wa gredi ya sita, alitengeneza sanamu ya kutishia ndege, ikaanguka, akaitupa, akarudi kwenye simu yake. Nami mamake, bila haya, nikapiga magoti nimtengenezee nyingine nzuri. Gundi ilikuwa tayari vidoleni nilipomkumbuka Mwalimu Rono, nikaona haya kwelikweli. Nikaenda kwenye takataka nikaitoa ile yake, nikaiandika namba moja.

"Mathe, si hiyo ilianguka?" Brian akauliza.

Nikamuuliza imemfunza nini. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Halafu akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huu mguu ni mfupi," akasema, na simu ikaita peke yake pale mezani.