Koti la Mtani Wangu

Watu wa mji huu hawaoni haya kukusimamisha njiani. Majuzi mama mmoja muuza mkaa hapa Gungu, Kigoma, alinizuia hadi bajaji niliyokuwa nimeiita ikampakia mtu mwingine. "Shikamoo mzee. Si wewe uliyeandika kile kitabu cha gesti isiyo na vitanda? Mbona siku hizi unaua watu tu?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba wasomaji wa siku hizi wanataka upelelezi. Akaguna, akarudi kwenye mkaa wake. Jibu lile ni la uongo. La kweli ni refu, na mtu mzima halisemi barabarani akiwa ameshika mfuko wa nyanya.

Nilianza na vichekesho. Riwaya yangu ya kwanza ilimhusu bwana mmoja wa Ujiji aliyefungua gesti kabla ya kununua vitanda, akawa anawaaminisha wageni kwamba kulala sakafuni ni dawa ya mgongo. Ya pili ilimhusu mwenyekiti wa mtaa aliyeshindwa uchaguzi na mtu aliyekwisha kuhama. Zilisomwa, zikachezwa na vikundi vya shule, na watu wakadhani mimi ni mcheshi. Mimi si mcheshi. Ni mtu wa hasira za karibu, niliyeachana na mke zamani, mwenye watoto waliokwenda Dar es Salaam na kuzoea kupiga simu sikukuu kwa sikukuu.

Mcheshi alikuwa jirani yangu. Alikuwa mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Kigoma na kazi akagoma kurudi, na mimi ni Muha. Anayeujua utani hana haja ya maelezo. Asiyeujua aelewe tu kwamba makabila yetu yanataniana, na mtani ana ruhusa ya kukusema mbele ya wakwe zako na kuchukua kuku bandani kwako, nawe huna haki ya kununa. Mtani wangu aliitumia ruhusa hiyo mpaka mwisho wake. Alikuwa akinisalimu "Mwakeye!", salamu yetu ya asubuhi, kila siku alasiri, kwa makusudi, kwa sauti ya kuamsha mtaa, ili nimsahihishe. Nilimsahihisha miaka yote ile.

Kila alasiri nilikwenda barazani kwake na karatasi zangu. Mkewe alitutilia chai ya tangawizi, akakaa mlangoni na ufumaji wake, nami nikasoma kwa sauti nilichoandika asubuhi. Mtani hakuwa na kicheko cha sauti. Sentensi ikimwingia, alijipiga paja, akafumba macho, mabega yakatetemeka, kisha akaomba maji. Nilikuwa naweka alama ya kalamu pale alipojipiga paja. Pale aliposikiliza bila kujipiga paja alisema, "Hapo umewaandikia walimu," nami nikafuta. Sikuwa na njia nyingine ya kuandika vichekesho, na sikuitafuta.

Kiangazi na masika alivaa koti lake la reli, la bluu, kitambaa kizito kisichofaa kabisa kwa joto la ziwani. Vijana wa bodaboda walimpigia kelele, "Mzee, treni inaingia saa ngapi?" Naye akatoa mkono mfukoni, akaitazama saa asiyokuwa nayo, akawaambia, "Ilishapita, ila nyinyi mlikuwa mmelala."

Aliugua ghafla. Alipelekwa hospitali na koti lake, akarudi bila uhai, na koti likarudi mkononi mwa mkewe.

Msibani kila mtu ana kazi yake, na kazi ya mtani ni kuchekesha. Hiyo si hiari. Ndugu zake waliokuja na treni kutoka Tabora walinitazama tangu asubuhi wakisubiri nianze, maana mtani asipofanya kazi yake ni kama hakumpenda marehemu. Basi nikalichukua lile koti nikalivaa. Nikatembea kama yeye, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Nikawatukana Waha wote waliokuwepo, kuanzia na mimi mwenyewe. Nikazuia jeneza, nikatangaza kwamba abiria huyu haondoki mpaka aonyeshe tiketi, na kwamba mizigo ya Wanyamwezi hulipiwa kando. Nikatazama saa nisiyokuwa nayo.

Watu walivunjika mbavu. Mchungaji aligeuka kuutazama ukuta. Mjane alicheka mpaka akashikwa na wanawake wawili, akalia, akacheka tena. Sikuwahi kuchekesha vile katika kitabu chochote, na ninajua sitaweza tena.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walipanga mstari kuwapa pole wafiwa. Walimpa pole mjane, wakawapa watoto, wakawapa ndugu wa Tabora, hata shemeji aliyekuwa hajamtembelea marehemu tangu aoe. Walipofika kwangu walinipiga mkono wakicheka. "Mzee, umetuua!" Mmoja akaniomba nirudie ile ya tiketi. Hawakukosea. Mtani hahesabiwi kuwa mfiwa, na yule aliyekuwa anacheza mbele ya jeneza utampaje pole? Nilirudi nyumbani nikiwa nimelivaa lile koti, maana kwa mila nguo ya marehemu aliyoivaa mtani msibani ni haki yake, nikakaa kitandani. Nilikuwa nimefiwa na mtu niliyemwona kila siku ya Mungu, na katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyelijua jambo hilo.

Mjane alihamia Kidahwe, karibu na binti yake, akalime. Nyumba ikapangishwa kwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, kijana mwenye adabu. Kila jioni ananiambia "Shikamoo mzee," anaingia ndani, anawasha televisheni. Adabu ile inaniumiza kuliko matusi. Wiki za mwanzo nilijaribu kuendelea na riwaya niliyokuwa nayo, habari za kwaya mbili zilizogombea spika moja. Niliisoma kwa sauti chumbani. Sentensi ilikwenda ikagonga ukuta ikarudi. Sikujua iwekwe au ifutwe. Nikaacha.

Siku moja nilishuka Kibirizi, kule wanakoanika dagaa, nikakaa juu ya boti iliyopinduliwa. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa, wakipiga soga, na mimi nimevaa koti la bluu juani. Kuna aliyenitazama akamnong'oneza mwenzake. Nikatoa karatasi nikaandika kwamba kando ya vichanja vya dagaa ameonekana maiti wa mwanamume mzee, amevaa koti la bluu, na koti halina kifungo cha juu. Ilikuwa kweli, koti halikuwa nacho, ila sikuwa nimewahi kulizingatia jambo hilo mpaka nilipoliandika.

Kisha nikamwandika mpelelezi. Ni mwanamke, ametoka mkoa wa mbali, anakula peke yake na hacheki. Anakwenda mlango kwa mlango anauliza: mlimfahamu? Nani alikuwa naye mara ya mwisho? Nani alikuwa wake? Niliandika maswali yale kwa pupa niliyoisahau. Nilitaka mtu aulize. Riwaya ya upelelezi ina raha hiyo, kwamba mtu akifa mambo yote yanasimama, na hakuna anayeruhusiwa kufanya mzaha mpaka ijulikane. Tena haihitaji kusomwa kwa sauti. Inaandikwa kimya na inasomwa kimya.

Kitabu kilitoka, kikapendwa kuliko vile vya mwanzo. Mhariri alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akilalamika kwamba kifungo kilichopotea hakikupatikana mpaka mwisho. Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Katika kitabu cha pili maiti alikutwa stesheni, katika cha tatu shambani kwenye michikichi nje ya Ujiji, na wote walivaa lile koti, na wote walikosa kifungo. Wasomaji wakaamua kwamba muuaji ni mmoja na kwamba mimi ni mjanja wa kupanga visa. Nikawaacha waamini. Nilikuwa nakula peke yangu na kulala peke yangu, na kila asubuhi namkuta amekufa upya.

Halafu mjane akapiga simu. Tangu ahame tulikuwa tumesalimiana mara chache tu, kwa simu za sikukuu. "Mtani, binti ameniletea kitabu chako. Vyote vitatu nimesoma. Njoo Kidahwe." Kabla ya kukata akaongeza, "Njoo na koti."

Nilikaa na simu mkononi. Nilifikiri amekasirika, na nilimwona ana haki, maana nani anapenda mumewe auawe tena na tena katika vitabu vya kuuzwa madukani? Lakini zaidi ya hapo niliogopa koti. Nilijua kwa mila ni langu na hawezi kulidai. Nilijua pia kwamba akilidai nitampa. Nilitunga uongo, kwamba limeliwa na mchwa, kwamba limeibiwa kwenye kamba. Asubuhi nikalikunja, nikalitia kwenye begi, nikapanda gari la Kasulu linalopita Kidahwe, nikiwa nimelipakata begi lile mapajani.

Nilimkuta kibarazani anabangua karanga. Amezeeka, na miwani imefungwa uzi. "Mwakeye!" akaniita, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Ni mchana, shemeji," nikamsahihisha.

"Waha mna makelele kwa salamu tu. Kaa. Lete koti."

Nikampa. Alilikunjua, akalinusa kwenye kola bila kuona aibu, akalitandika magotini. Nikaanza kujieleza, kwamba vitabu ni vya kubuni, kwamba sikukusudia kumdhalilisha marehemu. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Akafungua fundo la pembe ya khanga yake, akatoa kifungo cheusi.

"Kila kitabu kifungo hakipo," alisema. "Yule askari wako anazunguka Kigoma nzima anatafuta. Hospitali walipomvua kilikatika, nikakiokota chini ya kitanda. Nilikuwa nacho mimi. Ungeniuliza."

Alichukua sindano, akatunga uzi kwa kubahatisha mara kadhaa, akakataa nimsaidie, akaanza kushona. Alishona taratibu, akavuta uzi, akaukata kwa meno. Akalikung'uta koti, na badala ya kuliweka kando yake akanyanyuka, akanivalisha mabegani, akanifunga kile kifungo cha juu kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Siku ile sote tulicheka," alisema. "Hakuna aliyekukumbuka. Hata mimi. Pole, mtani. Pole sana kwa msiba."

Mtu akikupa pole unajibu kwamba umeshapoa. Kila mtu anajua kujibu hivyo, hata mtoto aliyejikwaa. Nilifungua mdomo nikajibu, na kilichotoka kilikuwa kilio, kikubwa, cha kupaliwa, na kamasi juu, mpaka kuku wakahama uani. Mjane alisubiri. Akanitazama juu mpaka chini, ndani ya lile koti, katika joto lile.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe Waha hata kulia hamjui."

Nikacheka nikiwa bado nalia. Na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtani wangu, nilijua hasa ni hapo ambapo angejipiga paja, akafumba macho, na kuomba maji.